Kachori za Kielelezo

Mtu akikuona unashuka ngazi za darasa kinyumenyume, mkono ukutani, hakuulizi habari za masomo. Anakuuliza nani kakupiga. Tangu Jumanne najibu swali hilo hilo. Jumanne yenyewe sikupigwa. Nilirushwa kichurachura, sare ya shule mwilini, mbele ya kituo cha polisi, jioni watu wanatoka kazini. Na Tanga hii watu wakitoka kazini wanatoka na baiskeli, yaani wanakuona vizuri na kwa muda mrefu. Kosa: kutoheshimu bendera ya taifa. Mhusika mkuu: kunguru. Kunguru mwenyewe hakuandikishwa maelezo.

Mama alinipa sinia la kachori nipeleke kwenye kijiwe cha kahawa, huko ndani ya Ngamiani. Kachori za kwetu ni viazi vilivyopondwa vikatiwa ndimu, pilipili na chumvi, vikaviringwa madonge, vikachovywa kwenye uji wa unga wa dengu, vikazamishwa kwenye mafuta yanayochemka. Zikipoa, wazee wa kahawa hawazigusi, na hasara inarudi nyumbani. Kwa hiyo nilikata njia ya mkato, na njia ya mkato inapita mbele ya kituo ambacho sitakitaja jina, kwa kuwa nina magoti mawili tu.

Filimbi ikalia.

Anayekaa mbali na kituo cha polisi hajui utamu wa filimbi hiyo. Ikifika saa kumi na mbili jioni bendera inashushwa, na kuanzia filimbi ya kwanza hadi ya pili kila kilicho karibu kinaganda. Bodaboda anazima pikipiki. Wa baiskeli anashuka na kusimama kando yake kama anapiga nayo picha. Mama anayemgombeza mwanawe anakata neno katikati, na mtoto anapata mapumziko aliyopewa na Jamhuri. Hata mateja wa pale kona wanasimama, tena wima kuliko sisi. Kwa kawaida ni kitendo cha muda mfupi, kahawa haiwahi kupoa kikombeni. Filimbi ya pili inalia, mama anamalizia neno lake, maisha yanaendelea.

Mimi nilisimama mguu sawa. Hapo ndipo uzalendo ulipoanza kunigharimu, maana mguu sawa tuliofundishwa na skauti una masharti yake: visigino vimegusana, kifua mbele, macho mbele, mikono imenyooka ubavuni na ngumi zimefungwa. Katika mafunzo yote yale hakuna aliyeuliza sinia likae wapi. Watu wengine wenye mizigo, nilikuja kugundua baadaye, waliishika mizigo yao. Mimi nilishusha mikono yote miwili, sinia likabaki kichwani kwa imani.

Sasa niwaeleze habari za roda, kwa sababu bila roda nisingekuwa na kesi.

Kamba ya bendera ni moja tu, imeungwa ncha kwa ncha. Inapanda na mlingoti upande mmoja, inapita juu ya kigurudumu kilichofungwa kileleni, inashuka upande wa pili hadi pale chini inapofungwa. Kigurudumu hicho ndicho roda. Bendera yenyewe inafungwa mahali pawili pembeni, juu na chini. Ukivuta upande huu inapanda, ukivuta upande ule inashuka. Wengi wanadhani bendera hushuka kwa uzito wake, na mimi nilidhani hivyo mpaka Jumanne. Haishuki. Kitambaa ni chepesi na upepo wa bahari unakipenda. Ukiiachia itabaki huko juu inacheza. Lazima ivutwe chini kama ilivyovutwa juu, na yote mawili yanategemea roda ikubali kuzunguka.

Na roda ya chuma mjini Tanga haina sababu ya kukubali. Chumvi ya bahari inaipata usiku na mchana, pini ya katikati inashika kutu, kigurudumu kinaanza kulia, kisha kinanyamaza, na kikinyamaza ujue kimekufa. Kamba nayo, ikiwa ya nailoni iliyochakaa, inatoa nyuzi, nyuzi zinaingia kati ya kigurudumu na fremu yake, na hapo hata uivute kwa trekta. Mjomba wangu aliyefanya kazi za jahazi alikuwa akiniambia hawakuwahi kung'oa nanga bila kuikagua henza, ile kamba ya kupandishia tanga, na roda yake, maana tanga likigoma kushuka wakati wa dhoruba, chombo kinapinduka na waliomo wanakwenda nacho. Nchi kavu hakuna anayezama. Ndiyo maana, nadhani, hakuna anayepanda mlingoti na kopo la grisi.

Bendera ikashuka kama robo ya mlingoti, ikasimama.

Askari wa kamba akavuta. Ikatikisika. Akaipandisha kidogo, akaivuta tena kwa hila, kama mtu anayembembeleza punda. Wapi. Mwenzake aliyepiga saluti hakuruhusiwa kushusha mkono, na mkono ulianza kutetemeka. Wa filimbi alikuwa ameishika filimbi kati ya midomo, mashavu yamejaa, hawezi kuipuliza na hawezi kuitoa. Bendera ilikuwa haijapanda wala haijashuka, na sisi raia tulikuwa humo humo katikati, hatuendi wala haturudi.

Ndipo nikasikia miguu juu ya sinia.

Kunguru wetu hawa wa mjini, wenye shingo ya kijivu, asili yao ni India. Waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, enzi za Waingereza, ili wasaidie kusafisha takataka. Kazi hiyo waliifanya, wakavuka hadi bara, na takataka zilipowachosha wakahamia kwenye chakula ambacho bado hakijawa takataka. Wana zaidi ya miaka 100 katika ardhi hii, wanazaliana humu, wanafia humu, na hakuna filimbi iliyowahi kuwahusu. Huyu wa kwangu alivuta karatasi ya gazeti niliyofunikia kachori, ikaniangukia usoni, nikabaki nimesimama mguu sawa nasoma habari za timu ya Coastal Union kwa jicho moja. Kisha akaita wenzake. Nasema akaita, kwa sababu nilimsikia.

Pembeni yangu alikuwepo mzee na baiskeli yake. Akaniambia bila kufungua midomo:

"Kijana, wanakumaliza."

"Nawasikia, mzee."

"Sasa mbona huwafukuzi?"

"Bendera, mzee."

Akafikiri. "Kweli," akasema. "Pole sana."

Naomba nieleweke kwamba mpaka hapo nilikuwa raia mwema kupita wote barabarani. Nilikuwa natoa mtaji wa Mama, donge kwa donge, kwa ajili ya nchi. Ningeendelea kutoa. Lakini kachori ile ilikuwa imetoka kwenye mafuta muda si mrefu, na kunguru mmoja alipoidonoa ikamuunguza, akaiachia, na yenyewe badala ya kuanguka chini kama kachori nyingine ikaingia kwenye kola ya shati langu, ikateremka mgongoni, ikatulia kwenye mkanda wa suruali.

Nikaruka. Sinia likaenda kwake, kunguru kwao, mimi nikatoa sauti ambayo sijawahi kuitoa mbele za watu. Na wakati huo huo, kama kwa makusudi, roda ikaachia, bendera ikashuka mzimamzima mikononi mwa askari, filimbi ya pili ikalia na watu wote wakaanza kutembea. Nilitangulia taifa kwa sekunde mbili.

"Wewe! Njoo hapa."

Nikaenda, nikiwa bado nimejishika mgongo.

"Shikamoo, afande."

"Huoni bendera inashushwa?"

"Naiona, afande."

"Sasa unacheza ngoma gani?"

"Kunguru, afande. Kachori imeniingia."

"Kunguru ndiye mwanafunzi, au wewe?"

Swali hilo nimelirudia kichwani wiki nzima na bado halina jibu zuri. Nikaambiwa niokote sinia na zile zilizosalimika, niziweke kwenye benchi la nje kama kielelezo. Kisha nikaonyeshwa mwarobaini ulioko upande wa pili wa uwanja: kichurachura, kutoka mlingotini hadi mwarobaini, kurudi, na tena. Wakati wa kwenda nilikuwa naupa mgongo ushahidi. Wakati wa kurudi nilikuwa nauona, na kila nikirudi ulikuwa umepungua. Sikuuliza. Mwenye kuchuchumaa hana haki ya kuhesabu. Ila nilipoambiwa chukua sinia lako uende, askari mmoja alikuwa anafuta vidole kwenye gazeti langu na kuniambia kwa wema kabisa kwamba Mama apunguze pilipili.

Mama hakunigombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alilitazama sinia, akanitazama magoti.

"Kunguru wamekula, na askari wamekula," akasema. "Mtaji wangu nikamdai nani, bendera?"

Kesho yake kwenye kipindi cha Uraia niliuliza, kwa nia safi, filimbi ikilia mtu akiwa na mzigo kichwani mikono iwe wapi. Darasa likacheka mpaka la jirani likaacha kusoma. Mwalimu akasema swali ni zuri ila haliji kwenye mtihani. Akaniazima kitabu nikasome mwenyewe habari za bendera, na nakiri kwamba kwa muda wa jioni moja nilisahau magoti.

Kwa sababu hebu fikirini. Bendera ya Tanganyika, ile iliyopandishwa Desemba 9, 1961, ilikuwa na kijani juu, mstari mweusi katikati wenye kingo za njano, na kijani tena chini. Igeuze, ni ile ile. Askari wa zamani aliweza kuipandisha huku anasinzia na asikosee. Zanzibar baada ya Mapinduzi walikuwa na yao: bluu, nyeusi, kijani. Aprili 26, 1964 nchi zikaungana, rangi zikabidi zikae pamoja, na ili asiwepo wa kukandamizwa na mwenzake ule mstari mweusi ukalazwa kimshazari, kijani ikachukua pembe ya juu upande wa mlingoti, bluu ikachukua pembe ya chini upande wa nje. Ni busara kubwa. Lakini tangu mwaka huo tuna bendera inayoweza kupinduliwa. Muungano ulituletea juu na chini.

Na dalili yake ni rahisi mno, nashangaa hatufundishwi. Usihangaike na rangi. Tazama mstari mweusi. Ukitoka mlingotini lazima uwe unapanda. Simama upande wowote wa uwanja, mbele au nyuma, bendera iliyofungwa sawasawa mstari wake unapanda ukiuacha mlingoti. Ukiuona unashuka, ujue kijani iko chini, maji yako juu, nchi imepinduka. Toka nijue hivyo siwezi kupita ofisi yoyote bila kukagua.

Mwalimu alinisimulia pia kwamba ipo Sheria ya Nembo za Taifa ya mwaka 1971, inayolinda bendera na ngao zisitumiwe kiholela, na kwamba mwishoni mwa mwaka 2018 ilitoka barua ya kuweka masharti ya kibali kwa shule na taasisi zinazotaka kutumia bendera na wimbo wa taifa, Rais Magufuli akaitengua. Nikawaza: kwa hiyo kulikuwa na siku chache ambazo mtu angeweza kukosea kwa kuimba, kabla ya kurudi kukosea kwa kutoimba. Sikuisema kwa sauti. Nimeshaanza kujifunza.

Sikujifunza vya kutosha. Alhamisi habari za kituoni zilikuwa zimefika shuleni, na zilikuwa zimenenepa njiani. Kufikia mstarini nilikuwa nimeitupia bendera kachori. Mwalimu wa nidhamu akaniita mbele. Akahutubia kuhusu vijana wa siku hizi na damu ya wazee wetu, kisha akanichapa viboko saba.

Najua vilikuwa saba kwa sababu nilivihesabu, na nilivihesabu kwa sababu katika kile kitabu cha kuazimwa nilikuwa nimekutana na kitu kingine. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne. Zinasema anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Zinasema msichana achapwe na mwalimu wa kike ikiwa yupo. Zinasema kila adhabu iandikwe katika kitabu maalumu, kwa nini umechapwa na vingapi. Nikauliza, kwa heshima zote nilizokuwa nazo wakati huo, kama mwalimu ataniandika kwenye kitabu. Nikaongezwa cha nane, ambacho nadhani kilikuwa cha swali.

Hapa siwezi kutania vizuri. Nimekaa na jambo hili, nasema nimekaa lakini sijaweza kukaa. Kitambaa kile kina kanuni zake na zinafuatwa hadi dakika: saa ya kupanda, saa ya kushuka, kisiguse chini, kisilale nje, kikunjwe na watu wawili, kabati lake lina kufuli na ufunguo una mwenyewe. Natamani ningekuwa nimetunzwa hivyo kwa wiki moja tu. Tulipofundishwa maana ya rangi, kijani ilikuwa mimea, njano madini, bluu maji, na ule mstari mweusi ni wananchi. Mimi ni mwananchi. Basi nimo kwenye bendera ile, magoti yangu yamo, na Mama na sinia lake yumo, na wale waliokuwa wanaulinda mstari mweusi dhidi yangu walikuwa wananirusha kichurachura mimi mstari mweusi. Kanuni inayonibana mimi ina filimbi. Kanuni inayombana anayenichapa imefungiwa faili, na ukiuliza faili liko wapi unapewa jibu la fimbo.

Sitaki kusema kwamba sheria hazina maana. Kinyume chake. Nazipenda, nimezisoma, ndizo zilizoniponza.

Mengine ya uzalendo wangu ni mafupi. Mwenge wa Uhuru tuliungoja barabarani tangu asubuhi na vibendera vya karatasi, ukapita ndani ya vumbi, tukaupungia vumbi. Elimu ni bila malipo tangu mwaka 2016, ila bendera mpya ya shule ilinunuliwa kwa mchango wa hiari, na majina ya waliokosa hiari yalibandikwa ukutani. Katika kwaya ya wimbo wa taifa niliondolewa kwa sababu sauti yangu, kwa maneno ya mwalimu wa muziki, inaelekea Zambia.

Sehemu ya pili ya adhabu ilikuwa kuingizwa kwenye kikundi cha bendera, nijifunze heshima. Kazi yangu ni kukunja. Bendera hiyo ya hiari ilikuwa imeshaanza kufumuka pembeni, ikapelekwa kwa fundi cherehani wa jirani, na fundi, mtu makini sana, akaona vitanzi vimechakaa akang'oa vyote na kuvishona upya: kile kikubwa cha juu akakipeleka chini. Ijumaa tulikuwa na mgeni rasmi kutoka wilayani, amekuja kuzungumza nasi kuhusu uzalendo. Skauti wakafunga bendera kwa kufuata vitanzi, kama wanavyofanya siku zote, wakaipandisha vizuri, bila roda kugoma. Upepo ukaikunjua.

Mstari mweusi ulikuwa unashuka.

Nikatazama walimu. Nikatazama mgeni rasmi, amepiga saluti safi kabisa. Nikatazama shule nzima, mguu sawa, macho mbele, na katika macho yote yale hakuna hata moja lililoona kitu. Nikamsogelea mwalimu wa zamu hatua moja, kwa mwendo wa mtu mwenye magoti, nikamnong'oneza kwamba bendera imepinduka.

Hakugeuza shingo. "Nyamaza," akaninong'oneza. "Wewe ukisema ndipo itakuwa imepinduka."

Tukaimba beti zote mbili.